Kugongwa si Kugongana

Shoga, leo haraka haraka imekuwa na baraka! Nimempokonya wakili kalamu akimpa mama atie sahihi.

Wakili wetu wenyewe! Kaandika kwenye maelezo: "Mama aligongana na gari."

Aligongana!

Mama alikuwa kibarazani kwake, anashona kifungo. Mlevi ndiye aliyekiparamia kibaraza na gari lake, akamvunja mguu.

Nikamwambia, "Wakili, kugongana ni kwa wawili. Mama aligongwa."

Akacheka. "Binti, hilo ni neno tu."

Neno tu! Neno hilo linamtwisha mama nusu ya kosa la mlevi, na fidia ipotee.

Nikaichana karatasi mbele yake.

Sasa mjomba anataka nikamwombe radhi, eti ni mtu mzima.

Siombi.