Mwenye Chumvi

Waa, Kwale

Kaka yangu Swabir,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Uswidi, wewe na wifi yangu Hannah, na kwamba baridi imewapunguzia. Huku Baba nami tu wazima, alhamdulillahi. Mguu wake ungali unamsumbua akipanda ngazi za msikiti, lakini hakubali kushikwa mkono. Mvua imechelewa na mahindi yamenyauka. Mimi bado niko pale pale, kwenye duka la dawa Ukunda. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu hunijibu kwa neno moja tu, na jambo hili halienei katika neno moja.

Tangu Mama atutoke, nyumba imepoa. Unamjua Baba, si mtu wa kulia mbele za watu. Alikuwa akirudi msikitini baada ya alasiri, anakaa barazani, anatazama barabara mpaka magharibi. Wazee wenzake wakija, kila analosema wanaitikia, naam Maalim, kweli Maalim, kisha wanamaliza kahawa na kwenda zao. Siku moja akaniita nikae. Akasema kila kilichoanza kina aliyekianzisha. Kisha akaniuliza, je, ndugu yako angesemaje hapo? Nilishtuka. Tangu mlipogombana ukaondoka, hakuwa amekutaja kwa namna yoyote, na hata siku hiyo jina lako hakulitamka.

Maneno yako nilikuwa nayajua, kwa miaka yote niliyowasikia mkibishana. Nikamwambia ungeuliza, basi Mungu naye alianzishwa na nani? Akatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. Akanieleza kuwa asiyekuwa na mwanzo hahitaji mwanzilishi. Nikasema ungeuliza tena, kwa nini tusiseme hivyo juu ya ulimwengu wenyewe? Jioni ile alikula akamaliza sahani.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Mimi nikawa wewe. Alishika dafu akaniuliza ni nani aliyeyatia maji humo bila tundu, nami nikamjibu kama ulivyokuwa ukijibu, kwamba minazi iliyoshindwa kuhifadhi maji ilikufa zamani na hatukuiona. Bi Warda, jirani yetu, alinisikia kutoka uani kwake nikikana kuwa kuna Muumba. Tangu hapo hapigi hodi kwetu, na salamu zangu anaziitikia akitazama kando. Sikwenda kumweleza. Ningeanzia wapi?

Wiki iliyopita Baba alikuja na hoja ya chumvi. Alisema tuchukulie nyumba yetu imeazima chumvi kwa jirani, na jirani naye kaiazima kwa mwingine, na huyo kwa mwingine, mpaka ufike Matuga. Wote hawawezi kuwa waazimaji. Maadamu chumvi imo chunguni, yuko mahali mwenye chumvi yake mwenyewe, asiyeazima kwa mtu.

Nilitafuta neno lako la kumjibu, nikalikosa. Nikajisikia nikisema, "Sawa, Baba, alikuwepo. Lakini chumvi kuwemo chunguni hakuniambii kama mwenyewe bado yupo. Huenda alihama zamani."

Baba akavua kofia, akaiweka gotini, akanikazia macho. "Hilo ni la Swabir?"

Nikasema ndiyo, ni la Swabir.

"Basi mwanangu ana uchungu huko aliko," akasema. "Hilo si swali la kitabuni. Mwandikie aje. Silijibu kwa kupitia mtu."

Kaka, halikuwa lako. Ni langu. Nasali swala zote tano kwa wakati wake, lakini tangu tumzike Mama, nikisujudu nakuwa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamekwisha kuhama. Sikumwambia mtu yeyote. Wanawake wenzangu wataniogopa, na Baba nikimwambia, atabaki na nani? Amekwisha kumpoteza mtoto mmoja kwa maneno kama haya. Jioni tunapokaa barazani, yeye anafurahi kuwa na wewe, nami namwona yuko karibu nami kuliko mtu yeyote duniani, na hajui anazungumza na nani.

Kwa hiyo nakuomba uje. Sikuombi useme usiloamini, wala usujudu usipotaka. Keti naye tu, mwulize swali lile kana kwamba ni lako, na usiharakishe kumshinda. Mwache ajibu mpaka mwisho. Nitakuwa nimekaa hapo kando yenu, nami nalihitaji jibu.

Msalimie sana wifi. Baba naye anakusalimu. Hajaniuliza kama utakuja, ila jana aliniambia nianike godoro lako juani, na leo asubuhi ameligeuza mwenyewe.

Wasalaam,
Ni mimi mdogo wako,
Hafsa