Fimbo ya Mzee Niliyoiunga

Osundwa, nimemliza mama.

Unakumbuka fimbo ya marehemu baba, ile ya kuvulia samaki mto Nzoia? Niliipata darini kitambo, ncha imevunjika. Leo hatukati miwa, kwa hivyo nimekaa uani nikaiunga kwa gundi na uzi, ikakaza kabisa.

Nikampelekea nikicheka. "Mama, ona, imepona!"

Akaanza kulia. Halafu: "Nani alikutuma? Niliivunja mimi, siku tuliyomzika. Sikutaka kuona mwanaume mwingine akienda nayo mtoni."

Aliivunja mwenyewe, Osundwa! Na mimi miaka yote nalaumu watoto.

Amejaribu kuivunja tena kwa goti, imekataa. Sasa ananinyooshea: "Uliiunga wewe. Ivunje."

Nimemwambia siwezi. Bado amesimama hapa, ananingoja.