Miaka Minne ya Kumnyang'anya Mzee Kipanya

Fortunatus, toa mkono wako kwenye kipanya cha kompyuta ya watu. Una miaka thelathini na minne, umesoma mpaka chuo, na bado nalazimika kukuambia maneno anayoambiwa mtoto anayechokora chungu cha jirani. Toa mkono.

Ninyi wengine mnaosoma gazeti hili hamjui kisa, kwa hiyo barua yake naiweka hapa yote. Aliniomba nifiche majina. La ofisi nimelificha na ya wenzake nimeyabadilisha. La kwake nimeliacha, kwa sababu nataka ajulikane.

*

Bibi Zamda mpendwa, shikamoo. Nakuandikia kwa aibu, naomba uniambie la kufanya kabla sijafanya lile ambalo nimeshalipanga.

Mimi ni Mtanzania wa Karagwe, huu ni mwaka wa tano niko Kigali, nafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha kule Gatsata, sisi ndio tunaoandika hati za malori yanayoingia na mizigo kutoka Dar es Salaam, na mimi sikuajiriwa kuwa fundi wa kompyuta, niliajiriwa kuandika mizigo kama wengine, ila kwa kuwa kompyuta nimeigusa tangu shuleni basi kila kitu kikikwama naitwa mimi, Fortunatus karatasi haitoki, Fortunatus imeandika maneno mekundu, Fortunatus njoo, na Bibi nisikufiche, nilikuwa napenda.

Meza ya pili yangu anakaa Mzee Jean-Berchmans, ana miaka hamsini na saba, kazi hii aliianza enzi za kalamu na karatasi ya kaboni, ukimtajia bidhaa yoyote, tairi, vigae, mafuta ya kupikia, anakutajia namba yake ya ushuru bila kufungua kitabu, na mimi kazi nimejifunza kwake, lakini kompyuta imemshinda. Mashine inaongea Kiingereza, mimi namweleza kwa Kiswahili, naye amesoma kwa Kifaransa kwa hiyo anaandika kwa Kifaransa katika daftari la shule, bonyeza kile cha kijani chini kulia, halafu cha tatu kutoka juu, kurasa na kurasa. Akianza kubonyeza anakwenda polepole mno, anasogeza uso mpaka unakaribia kioo, anasema "buretse, buretse kidogo", yaani nimsubiri, lakini Bibi mimi kwetu nimefundishwa kwamba ukimwona mzee anahangaika na wewe umesimama mikono mfukoni watu watauliza umelelewa na nani, kwa hiyo namwambia "lete mzee", nachukua kipanya, namaliza, namuuliza "umeona?" anajibu "yee, nimeona", na kesho yake ananiita kwa jambo lile lile, na tumekwenda hivyo miaka minne.

Kuna jambo jingine ambalo linanikera moyoni. Mwaka jana nilichukua likizo ya wiki mbili, siku niliyorudi mzee akanipokea mlangoni anacheka, akasema, "Petit," ndivyo anavyoniita, yaani mdogo wake, "printa ilikataa! Nikasoma ile maneno yake, nikaona iko inatafuta printa ya kule chini, nikachagua hii yetu, ikatoka!" na mimi badala ya kumpongeza nikasikia kama nimeibiwa kitu, nikamwambia, "Ulibahatisha tu mzee, siku nyingine usiguse, utaharibu," naye akaacha kucheka, na tangu hapo hagusi chochote bila kuniita.

Mwezi uliopita programu yetu ikabadilishwa sura, kile cha kijani kikawa cha bluu na kikahamia juu, daftari lote likawa halimfai, mzee akalifunga akalitia kwenye droo akasema kwa sauti ndogo, "Sasa nimekuwa mtoto," nikaingiwa na huruma nikamwomba neno lake la siri, na tangu siku hiyo malori yake yote namwandikia mimi kwa jina lake, yeye ananisomea namba za ushuru tu. Sasa bosi wetu Madamu Annah ametangaza kwamba tarehe ishirini na tano kila mmoja ataketi mbele yake aandike lori moja peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, atakayeshindwa atapelekwa bohari kuhesabu magunia, na mimi tarehe moja ya mwezi ujao nahamishiwa mpakani Rusumo. Mzee ameniambia afadhali aache kazi kuliko kwenda bohari kupokea amri za vijana aliowafundisha yeye.

Nilichopanga ni hiki, naweza kuiendesha kompyuta yake nikiwa kwenye meza yangu, siku hiyo yeye aguseguse vitufe tu na mimi niandike kutoka kwangu, Madamu Annah hatajua. Mzee amekubali shingo upande na tumeshafanya mazoezi ya yeye kujifanya anaandika, ila hata hilo halijakaa sawa, anaendelea kubonyeza wakati mimi nimeshamaliza. Je, Bibi, nimwokoe kwa njia hii, au nimwache aaibike?

Ni mimi, Fortunatus, Gatsata.

*

Marahaba.

Mmeketi watu wazima wawili mkafanya mazoezi ya kujifanya. Muda huo huo mngefanya mazoezi ya kazi, lakini hilo halikumjia kichwani hata mmoja wenu. Haya, tuseme Madamu Annah ni kipofu na hila yenu imepita. Tarehe mbili wewe uko Rusumo, lori limeingia, nani anaandika? Hukulifikiria. Unasema unamwokoa, kumbe unamwekea aibu akiba ya wiki moja. Hila hiyo iishe leo, sitaki kuisikia tena.

Huruma ninayo, usidhani sina. Utamu wa kuitwa naujua. Nimeshona hapa Nyamirambo miaka arobaini na nimefundisha wasichana kumi na wanne. Wa kwanza alikuwa Frida. Kila uzi ukimkatikia nilimvuta pembeni, nikatunga sindano mwenyewe, nikamuuliza "umeona?" kama wewe. Baada ya miaka miwili alikuwa hodari sana wa kupiga pasi. Akaolewa Kimironko, akanunua cherehani yake, na wiki ya kwanza akanijia na kile kichwa cha cherehani amekipakata kwenye moto, hizi pikipiki za abiria, chuma kizima, kukatiza Kigali yote kutoka Kimironko mpaka Nyamirambo, eti uzi umekatika. Nilimtazama nikajua aliyeharibu ni mimi. Kuanzia msichana wa pili nilikalia mikono yangu. Sisemi kwa mfano, niliikalia hivi, chini ya makalio, mpaka ikafa ganzi. Wale kumi na watatu wote wanashona.

Kompyuta sijawahi kuishika na darasa nimeishia la nne. Lakini simu yangu naijua yote, na ujue ni kwa nini: mkwe wangu Mutabazi, aliyekuwa akininyang'anya kila ikilia, alikwenda Goma mwezi mzima. Niliisoma ikiniuliza, nikaijibu, nikakosea, nikarudi nyuma. Aliporudi akakuta namtumia picha. Hakufurahi sana. Ninyi wanaume mna ugonjwa mmoja.

Tuje kwenye adabu yako ya Karagwe. Kumpokea mzee gunia ni adabu, hapo nakupa heshima yako na ya mama yako. Lakini huyu hakubeba gunia, alikuwa anajifunza, na wewe ukamkatiza kila siku. Alikuambia buretse. Neno umelielewa, maana umenifasiria mwenyewe. Basi kwa nini hukusubiri? Nitakujibia mimi: kwa sababu akijua, hatakuita.

Na mzee naye ana kosa lake. Alikuwa anasema ameona na hajaona. Lakini ulitaka aseme nini? Mwanaume wa miaka hamsini na saba, mbele ya kijana aliyemfundisha kazi, unamuuliza "umeona?" Hakuna atakayekujibu hapana, hata ungemuuliza mpaka Noeli. Acha swali hilo. Akikuita, muulize "imeandika nini?" na akusomee kwa sauti, neno kwa neno. Watu wengi mashine ikiwaambia jambo wanafunga kile kisanduku cha maneno haraka kabla hakijamaliza kusema, halafu wanapiga kelele kwamba hawajui tatizo ni nini.

Mzee wako hakufunga. Siku ya printa alisoma, akafikiri inataka nini, akajaribu, ikakubali. Mafundi wote wa mji huu wanafanya hayo hayo, wanaongeza tu kukunja uso. Alijifundisha mwenyewe, akakusubiri mlangoni akueleze, na wewe ukamwambia amebahatisha. Hapo, Fortunatus, nilivua miwani nikaiweka barua yako chini kwa muda. Eti usiguse, utaharibu! Ameandika mizigo ya nchi hii tangu wewe hujazaliwa au unatambaa, na nchi ipo.

Sasa sikiliza kazi. Daftari alitoe kwenye droo, aanze ukurasa mpya. Asiandike tena rangi wala upande. Aandike anachotaka kufanya: kuandikisha lori, kuweka mzigo, kutuma hati. Kilipo kitufe atakitafuta kwa macho. Wakikihamisha, atakitafuta tena. Kule sokoni Kimironko muuza nyanya wako akibadilishiwa meza, unazunguka mpaka unampata, hurudi nyumbani kutangaza kwamba nyanya zimekwisha.

Halafu hiyo mashine nani aliiweka Kiingereza? Mjukuu wangu Trinah ananiambia programu nyingi za ofisi zina mahali pa kuchagua lugha. Kama na yenu inayo, basi mzee wa watu amekaa miaka minne anasumbuka na Kiingereza wakati Kifaransa chake kimo humo humo ndani, na wewe, fundi mkubwa, hukuwahi kuuliza. Usiende kumbadilishia! Nakujua, mkono umeshaanza kuwasha. Mwambie huenda kipo, akitafute mwenyewe. Akikikosa asubuhi nzima, akikose. Asubuhi hiyo atakuwa amefungua milango yote ya nyumba hiyo na ameijua, na hakuna kitakachokuwa kimebomoka.

Mwombeni Madamu Annah mahali pa kujaribia, lori la uongo, ambalo likiharibika hakuna anayelia. Utakwenda wewe kuomba, na ukiwa hapo hapo umwambie kwamba malori ya tangu mwezi uliopita uliyaandika wewe kwa jina la mzee. Usitetemeke, hatakumeza, na akikumeza umestahili. Neno la siri mzee alibadilishe siku hiyo hiyo, na wewe ugeuke utazame ukuta.

Akikwama, kabla hajakuita ajaribu njia mbili na aziandike. Zikishindikana zote aite. Wewe simama nyuma yake, mikono mgongoni, na akisema buretse unyamaze, chai ikipoa ipoe. Siku tatu za mwisho usiende kabisa, hata akiita. Mwambie mapema, asije akadhani umemkasirikia.

Utaniuliza itakuwaje akishindwa mbele ya Annah. Anaweza kushindwa, sitakudanganya. Lakini atakuwa ameshindwa kwa mkono wake, na atasema "Madamu, hapa nimefika, nipe wiki moja", na mtu anayejua namba zote za ushuru kwa kichwa atapewa hiyo wiki. Aliyekamatwa anabonyeza hewa hana la kuomba.

Kuna la haraka zaidi. Jina la mzee nimelibadilisha, lakini lako lipo, na mzee si mjinga. Akifungua ukurasa huu atajitambua kwenye mambo ya printa, na atajua kwamba siku ile hukuwa na shaka naye hata kidogo, ulikuwa na wivu. Hilo alisikie kwenye mdomo wako, si kwenye gazeti langu. Limetoka asubuhi hii, na watu wa umri wetu huanza na matangazo ya vifo, kwa hiyo una kama dakika kumi. Acha kunisoma, simama, nenda kwenye meza yake umwombe msamaha.