Kwa Nini Wewe Miezi Mitatu

Kericho, mashamba ya chai
Jumapili, mvua inanyesha

Kwako Mama Robi, mke wangu Bhoke,

Nakusalimu kwa moyo wote, ingawa moyo wenyewe haujatulia. U mzima? Robi je, kikohozi chake kimekwisha? Mama yangu bado anatembea bila fimbo? Mpe shikamoo yangu, umwambie blanketi lake nimeshalipata, linangoja mtu wa kuja huko Turwa. Mimi ni mzima isipokuwa mdomo, na habari ya huo mdomo ndiyo iliyonikalisha chini leo. Barua hii isome mwenyewe. Hukukaa miaka minne kwenye shule ya misheni ili mdogo wangu Chacha akusomee mambo ya mume wako.

Tangu barua yangu iliyopita hujanijibu. Najua kwa nini. Lakini na wewe ujue ilivyokuwa, maana mimi niko mbali na huku mtu hulishwa maneno ya wengine.

Chacha aliniandikia kwamba pale dispensari ya misheni amekuja kijana wa kutazama meno, mrefu, mwenye shati jeupe, akanitajia na ukoo wake. Akasema watu wakishatazamwa wanaambiwa warudi baada ya miezi sita, lakini shemeji anarudi kila baada ya mitatu. Haumwi jino, akasema, wala hakuna aliyemsikia akilalamika. Anaoga, anafunga kile kitambaa chekundu, anakwenda, na akitoka anacheka. Bhoke, kitambaa hicho nilikununulia mimi. Nilikichagua kwa nusu saa, mwenye duka akachoka na mimi. Nikakaa na barua ile siku tatu, kila nikichuma chai namwona mtu wa shati jeupe ameinama juu ya uso wako anakuambia fungua. Wenzako miezi sita, kwa nini wewe mitatu?

Ndipo nikakuandikia yale niliyoandika, kwamba usikanyage tena pale, na siku jino likiuma mama atakuchemshia mizizi. Na Chacha nikamwagiza amwambie huyo kijana kwamba nikirudi tutaonana.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Hapa shambani daktari wa meno huja mara mbili kwa mwaka, na nyapara hutuita wote kwa mistari, anayeumwa na asiyeumwa. Mara ya kwanza nilijificha kwenye chai, nikajifanya nafunga kamba ya kikapu. Mara ya pili vilevile. Niliona ni ujinga, mtu mzima asiyeumwa asimame kwenye foleni aachamishwe kinywa mbele ya Wajaluo na Wakisii. Safari hii jino la nyuma lilivimba kabla hajafika. Siku tano sikula ugali. Nilikunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo, tena umepoa, na usiku nilikaa nimeegemea ukuta. Alipofika nilikuwa wa kwanza mlangoni.

Ni mzee mmoja mpole, Mhindi. Aliling'oa, akanionyesha tundu lake, akasema kama ningekuja alipoita mara ya kwanza, angeliziba tu na ningeondoka nalo. Mimi nilikuwa na pamba mdomoni lakini wivu haujui pamba. Nikamuuliza, je, mganga wa meno anaweza kumwita mke wa mtu kila miezi mitatu bila sababu? Akaacha kunawa mikono, akanitazama. Akaniambia mwenye meno mazima hata mwaka anaweza kukaa, wengi huwaita kila miezi sita, ila mwenye matundu, au fizi zinazotoka damu, huitwa upesi zaidi mpaka patulie. Kisha akasema, "Huyo mama haitwi kwa uzuri wake. Anaitwa kwa sababu kinywa chake kinaumwa."

Utafikiri nilipoa. Sikupoa hata kidogo. Nilitoka mle nimekasirika upya, kwa sababu nyingine. Basi wewe unaumwa, na anayejua ni yeye. Nikakumbuka nilipokuja likizo ulikuwa unatafuna kwa upande wa kushoto tu, na mate ulitemea mbali, nyuma ya ghala. Niliona, Bhoke. Niliona na sikuuliza. Huyo wa shati jeupe hakuona lolote kati ya hayo, lakini aliuliza.

Nikampelekea uchungu wangu Marwa, yule mwenzangu wa chumba anayetoka Nyamongo. Nilipomtajia ukoo wa huyo kijana akaweka chini bakuli lake. Ni mtu wa kwao, anamjua. Akaniuliza baba mkwe wangu ni wa rika gani, nikamwambia. Akasema, "Mwita, huyo kijana ni rika moja na baba mkwe wako. Umemshuku mke wako na baba yake."

Ni kweli kwetu rika mtu huzaliwa nalo, halingoji ndevu, na kijana wa juzi anaweza kuwa baba kwa mwanamke mwenye watoto. Kati yenu kuna haya ambayo hakuna mtu wa kwetu anayeivunja. Chacha anaona shati, haulizi rika. Mimi mkubwa wake nilipaswa kuuliza, sikuuliza. Na wewe ulipoisoma barua yangu, ukaona nimeandika jambo ambalo hata kulitamka ni mwiko, ungenijibu nini? Ulifanya vizuri kunyamaza. Nimekosa, Bhoke. Nasema hivyo bila kuzunguka.

Chacha nimeshamwandikia aufute ule ujumbe kama hajaufikisha. Kama ameufikisha, aende na mjomba wamwombe radhi huyo mtu kabla baba yako hajasikia.

Kwa hesabu yangu miezi mitatu inatimia mwezi huu. Nenda. Usingoje liume kama nilivyongoja mimi, maana pengo langu sasa ulimi hauliachi. Oga, vaa unavyotaka. Kitambaa ningependa ukiache nyumbani, lakini hilo nalo ni juu yako.

Wivu sijaumaliza, sikudanganyi. Sina wivu na shati lake tena. Nina wivu kwamba anajua kinywa chako jino kwa jino, na mimi mume wako ninajua kitambaa tu.

Msalimie mjomba anayetulindia ng'ombe, na dada yangu Gati aliyeolewa Kenyamonta akipita. Kwa baba yako salamu zipite kwa kaka yako, kwa heshima kama ipasavyo. Robi mwoshe meno asubuhi na jioni, hata akilia, na siku hiyo nenda naye atazamwe.

Ukirudi kutoka huko, kaa chini uniandikie. Niambie ni jino lipi, la juu au la chini, upande gani, na tangu lini linakuuma. Nataka kusikia kwako.

Mimi mume wako mwenye pengo,
Mwita