Droni Isiyofika Mbali

Mjukuu wangu Halima,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Huku Lushoto tupo, ila mvua imeozesha maharage, na shangazi yako wa Soni bado anakohoa.

Umeuliza umnunulie mdogo wako Idi droni ipi: kubwa yenye kamera, au ndogo ambayo mapangaboi yake yamezungushiwa plastiki. Muuzaji amekuambia ndogo haipandi juu wala haifiki mbali. Basi nunua hiyohiyo.

Mimi na kaka yangu Saidi tulikuwa na tiara ya gazeti. Siku moja upepo ulipanda kutoka Mombo ukakata uzi. Saidi akaikimbilia, uso juu, anacheka: “Hii hainishindi!” Mbele yake palikuwa na genge, poromoko la mlima ambalo tulichungia mbuzi ukingoni mwake tangu wadogo, naye alilijua kuliko mimi. Lakini macho yake yalikuwa angani.

Yaliyofuata sikuandikii. Tiara tuliikuta kesho yake juu ya mkaratusi, haina hata mchaniko.

Idi ana mbio zilezile za Saidi. Mletee inayorukia sebuleni, ivunje vikombe vyote vya bibi yako. Sitasema neno.

Babu yako