Chai Aliyoimwaga Dokta Faustini

Dada Anjela, u hali gani hapo Bukoba? Huku Kigali mvua haikatiki, hata kilima cha Rebero hakionekani.

Juzi niliwasaidia Dokta Faustini na Dokta Sipriani kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Walifanya kazi kama mtu mmoja mwenye mikono minne. Mtoto akalia, sote tukacheka.

Tulipotoka, Faustini akammiminia mwenzake chai ya maziwa. Desturi ya hapa, anayekaribisha huonja kwanza, kuonyesha kwamba hakuna sumu. Zamani walifanya hivyo kwa utani, lakini tangu vita vianze Wahutu na Watutsi hawaaminiani, na hawa wawili ni mmoja wa kila upande; utani umekwisha.

“Onja kwanza, daktari,” Sipriani akasema.

Faustini akaonja, akamsogezea kikombe. Sipriani hakukigusa.

“Miaka yote hii tuko pamoja,” Faustini akasema kwa sauti ndogo, kisha akaimwaga chai kwenye sinki.

Leo asubuhi muuguzi kaniletea chai. Nami, dada yangu, nimekaa nikimtazama, nikingoja aonje.

Wabusu watoto. Nikirudi nimiminie chai, na ukiniona nasita, nizabe kofi.

Mdogo wako,
Deo