Niombee Nishindwe

Nyumba ya mwisho,
Nyuma ya karakana ya seremala.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu,

Salamu nyingi, kuliko bahasha hii inavyoweza kubeba. Hujambo? Shemeji hajambo? Na lile goti lako, bado linakusumbua wakati wa baridi au limekubali yaishe? Sisi huku tunapumua, ingawa kwa zamu, na utajua kwa nini.

Kwanza habari za binti yangu. Najua unazingoja, na hata kama huzingoji nitakupa. Ile kazi ya kiwanda cha uchapaji, kwenye mashine inayovisha karatasi nailoni, ameiacha. Alisema amechoka kuvisha nailoni vitu vinavyotupwa kesho yake, halafu nailoni yenyewe anaikuta mtaroni mbele ya mlango wetu. Sasa ametunga mchezo wake mwenyewe wa karata! Anachukua maboksi na magazeti ya zamani, anayaloweka, anayatwanga, anayakamua, anayatandaza mpaka yanakuwa karatasi tena. Juu anapaka nta ya nyuki. Nailoni hakuna hata ya dawa. Ukiichoka karata yake unaifukia, na ardhi inaila. Kichwa hicho, mdogo wangu, hakikutoka kwa baba yake.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Karata zinalazwa kifudifudi mezani, hizo ndizo mto. Kila mtu anaokota kwa zamu: samaki, nyuki, mti. Ukiokota takataka, unarudisha mtoni kila ulichonacho na watu wanakucheka. Mto ukikauka, mwenye vingi ndiye mshindi. Hata baba yao amecheka, yeye ambaye huwa anachekeshwa na redio tu.

Shida ni mahali. Mvua haikatiki, kwa hiyo karata zinakauka ndani. Ziko kitandani kwangu, juu ya kabati, kwenye kamba kama nepi za kichanga. Madirisha hayafunguliwi, upepo usije ukazipeperusha. Feni marufuku. Kupika ndani marufuku, moshi unazipa harufu. Baba yao anakula amesimama kama askari wa lindo. Juzi nilipiga chafya, nikatazamwa kama mwizi. Nyumba imekuwa pakiti, na sisi ndio karata.

Sasa sikia nilivyojinasa mwenyewe. Jioni tunacheza na majirani, na mimi sishindwi. Takataka sijawahi kuigusa. Fundi cherehani wa jirani alinuna akasema, "Shoga, wewe una jini." Nikamwambia, "Jini gani? Hii ni akili, na binti yangu ameirithi." Mtaa mzima ukapata habari, kwa sababu niliupelekea. Mgema alisifiwa, akatia maji.

Basi wiki iliyopita akaja mwenye maduka ya michezo, ambaye tumembandika jina Bwana Miwani. Akiuchukua mchezo, binti yangu atapanga chumba cha kazi chenye madirisha yanayofunguka. Asipouchukua, atarudi kwenye ile mashine ya nailoni. Msimamizi wake ameshatuma ujumbe kwamba nafasi inamngoja mpaka mwisho wa mwezi.

Nami kwa kimbelembele changu nikamwambia mgeni, "Karibu ucheze na mama mzazi." Nikamshinda. Nikamshinda tena. Yeye takataka, mimi samaki. Mara akavua miwani.

"Mama, hutazami mto. Unatazama migongo."

Haki ya Mungu nilikuwa sijui! Binti yangu akazigeuza zote, na kweli. Karatasi ya maboksi ina madoa yake. Takataka moja ina kidoa chekundu cha boksi la sabuni, kama jicho la mlevi. Nyingine ina nusu ya herufi ya gazeti. Na nani anayezipindua kila siku zikikauka? Mimi. Nazijua kama ninavyojua vichwa vya wanangu gizani. Sikuiba, mdogo wangu. Macho ndiyo yaliyoiba, wala hayakunishirikisha.

Bwana Miwani akasema mchezo ni mzuri, ila karata inayojulikana mgongoni si karata. Zichapwe kwenye karatasi mpya, zivishwe nailoni, zifanane, naye atachukua. Binti yangu akajibu "Hapana," na mimi mdomo nilikuwa nimeshaufungua kusema ndiyo. Wakavutana, wakafika hapa: Jumamosi hii inayokuja mgeni anarudi, na mimi nitacheza. Nikishindwa kuzitambua karata, anauchukua mchezo bila nailoni. "Mama ndiye mizani yangu," akasema Bwana Miwani. Hapo nilifurahi kidogo, sikufichi.

Binti yangu akachanganya masizi na wanga, akapaka migongo yote ikawa myeusi tii. Mimi nikafungiwa chumbani nisione. Jana tukajaribu. Macho yakashindwa, nikapiga vigelegele. Halafu vidole vikaanza. Zilizokaukia karibu na ukuta zimejikunja pembeni kidogo, na mkono wangu ukazijua. Nikashinda. Mwanangu akaweka karata zake chini.

Nikamwambia, "Usijali, Jumamosi nitaokota takataka zote kwa makusudi."

Akasema, "Mama, ukinihurumia, kuna mtu atazijua mezani kwake, atawaibia wenzake. Cheza kwa nguvu zako zote."

Umeona nilivyobanwa? Nikishinda, namrudisha mwanangu kwenye mashine. Nikijiangusha, namdanganya yeye asiyetaka mtu yeyote adanganywe. Na kushindwa kwa haki sijui kunafanywaje, sijawahi.

Ndiyo maana barua hii ni ndefu. Nakuandikia nimekaa juu ya ubao wa seremala, na chini ya ubao kuna karata zote, zimepakwa nta upya, zinanyooshwa. Binti yangu amezunguka akitafuta kitu kizito cha kutosha, mwisho akaniangalia mimi. Siruhusiwi kuinuka mpaka nta ishike. Chai naletewa. Jirani amechungulia mlangoni, akauliza, "Leo umetaga mangapi?" Nikamwambia, "Subiri yaanguliwe, utakuja kuomba kifaranga." Lakini moyoni, mdogo wangu, natetemeka, na nikitetemeka naambiwa, "Mama, tulia, utazipinda."

Msalimie shemeji, wifi mkubwa na wale mapacha, uwaambie dada yao anatengeneza kitu ambacho ardhi itakikubali. Mungu akutunze, akunyooshee goti lako kama mimi ninavyozinyoosha karata hizi.

Tangu utotoni nimekuwa nikikuambia uniombee nishinde, na umeniombea. Safari hii piga goti hilohilo linalouma, uniombee nishindwe.

Ni mimi dada yako akupendaye, nikiwa bado nimekaa.